Kumrudishia Mgonjwa Mikono Yake: Mwongozo wa Kazi ya Mikono Baada ya Kiharusi na Wakati wa Sonona

Mwongozo huu unamlenga mtu anayemuuguza mzazi, mwenza au jirani nyumbani, katika jiji ambalo mgonjwa akisharuhusiwa kutoka wodini hurudi kwenye chumba chenye joto, wageni wengi na televisheni isiyozimwa, kisha huambiwa apumzike. Kupumzika kuna wakati wake. Lakini ubongo ulioumia kwa kiharusi, au uliolemewa na sonona ya muda mrefu, haujengeki upya kwa kupumzika peke yake. Hujengeka kwa kutumiwa, na mikono ndiyo njia ya karibu zaidi ya kuutumia bila mashine, umeme wala nauli. Nayaandika haya baada ya miaka miwili ya kumuuguza mama yangu mkubwa huko Mbagala, ambaye kiharusi kilimlegeza mkono wa kushoto na kumwachia ukimya ambao sote tuliudhania kuwa ni uchovu.

Kabla ya hatua: kinachotendeka ndani ya fuvu

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.4 na seli za neva zinazokadiriwa kufika bilioni 86. Mshipa ukiziba au ukipasuka, seli zilizokuwa zikilishwa na mshipa huo huanza kufa ndani ya dakika chache, na zilizokufa hazifufuki. Hapo ndipo familia nyingi hukata tamaa, na hapo ndipo zinapokosea, kwa sababu kupona kwa ubongo ni kugawana kazi upya: seli jirani zilizosalia huchipusha viungio vipya, njia zilizokuwa hazitumiki sana hufunguka, na shughuli iliyokuwa ya eneo moja huchukuliwa na mengine. Barabara ya Kilwa ikifungwa, daladala hutafuta vichochoro, na kichochoro kinachopitwa kila siku hatimaye huwa barabara. Kisichopitwa huota nyasi.

Mikono ina cheo cha pekee katika jambo hili. Mwaka 1937 daktari wa upasuaji Wilder Penfield na mwenzake Edwin Boldrey, waliofanya kazi Montreal, walichapisha matokeo ya kuugusa kwa umeme hafifu ubongo wa wagonjwa waliokuwa macho wakati wa upasuaji, na ramani iliyotokana na kazi hiyo ilionyesha kwamba vidole na uso vimetengewa eneo kubwa kuliko ukubwa wa viungo vyenyewe, huku mgongo na miguu vikibaki na sehemu ndogo. Kwa hiyo mtu anayesuka ukili, yaani ule ukanda wa majani makavu unaoshonwa kuwa mkeka, huku vidole vyake kumi vikipokezana ameamsha sehemu pana ya gamba la ubongo kuliko mtu anayenyanyua mguu kwa muda uleule.

Kuna jambo jingine ambalo muuguzaji hana budi kulijua. Mkono uliolegea ukishindwa mara chache, mgonjwa huanza kuutegemea ule mzima kwa kila kitu, na ubongo hujifunza kuusahau mkono dhaifu hata pale nguvu zake zinapoanza kurudi. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub aliitafiti tabia hii kwa miaka mingi na kubuni tiba ya kuuzuia mkono mzima kwa kuuvika kitu kama glavu nene, ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi. Jaribio kubwa la tiba hiyo, lililochapishwa mwaka 2006, liliwahusisha watu 222 waliokuwa wamepatwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 kabla, na waliofanyiwa hivyo kwa wiki 2 walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Sishauri mtu aufunge mkono wa mgonjwa nyumbani bila mtaalamu. Nashauri tu muuguzaji aache kumpokonya mgonjwa kikombe kabla hajakishika.

Sonona haiachi kidonda kinachoonekana kwa namna ile, lakini ina mzunguko wake unaoumiza: mtu asipotenda hapati raha yoyote, na asipopata raha hana hamu ya kutenda. Moja ya tiba za kisaikolojia zilizothibitishwa kwa sonona huanzia upande wa kutenda, yaani mgonjwa hufanya jambo dogo lililopangwa kwa saa iliyopangwa bila kusubiri hamu, na hamu hufuata polepole. Kazi ya mikono inafaa kwa hilo kwa kuwa matokeo yake yanaonekana kwa macho. Pia mkono unaohesabu chane, vile vipande vyembamba vya majani ya kusukia, hauachi nafasi kubwa ya yale mawazo yanayojirudia usiku kucha. Magonjwa haya mawili hukutana mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, maana takribani theluthi moja ya walionusurika kiharusi hupatwa na sonona, na ukimya wa mama mkubwa ulikuwa huo.

Hatua ya kwanza: hospitali kabla ya uzi

Kazi ya mikono huisaidia tiba na haichukui nafasi yake. Mtu ambaye uso umempinda ghafla, mkono umelegea au maneno yanamtoka bila kueleweka apelekwe hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepungua njiani, kwa kuwa dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, pale inapopatikana, kwa kawaida hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zilipoanza. Kumkanda mafuta kwanza, au kumsubiri mjomba afike kutoka Kibaha ndipo uamuzi ufanyike, ni kuzipoteza saa hizo. Baada ya hapo dawa za shinikizo la damu ziendelee kila siku, kwa maana hakuna mkeka utakaomlinda mtu na kiharusi cha pili.

Kwa upande wa sonona, huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunakodumu wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi na hamu ya chakula kuvurugika, ni sababu tosha ya kwenda kupimwa. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, na kwa wakazi wengi wa Dar es Salaam njia ya kawaida ni kuanzia kituo cha karibu na kupewa rufaa kupitia hospitali za mkoa kama Amana, Temeke au Mwananyamala. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu yake na haziachwi ghafla. Mgonjwa anayezungumzia kujiua asiachwe peke yake, dawa, sumu ya panya, kamba na viwembe viondolewe karibu naye, na apelekwe siku hiyohiyo. Huyo si wa kupewa sindano na mkasi kwa sasa.

Ukiwa hospitalini, uliza kama kuna mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yaani anayetibu kwa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku. Ni fani ambayo chama chake cha kwanza kiliundwa Marekani mwaka 1917, wakati ambapo hospitali za wagonjwa wa akili zilikuwa zikitumia ufumaji na usukaji wa vikapu kama tiba, na hapa nchini hufundishwa Moshi, katika hospitali ya KCMC. Wataalamu hawa ni wachache, hivyo ukimpata mmoja kwa dakika kumi usizimalize kwa kueleza historia ya ugonjwa. Muulize mambo matatu: bega la upande dhaifu limekaa sawa au limeteguka, mgonjwa ana hisia kiasi gani kwenye vidole, na ni mwendo gani wa mkono ambao hataki uufanye nyumbani. Sisi tuliondoka katika kituo kimoja na jibu la "subirini tu, atapata nafuu", na tulisubiri karibu miezi miwili kabla ya kugundua kwamba hiyo ndiyo iliyokuwa miezi ya thamani, kwa sababu nafuu ya kiharusi huja kwa kasi zaidi katika miezi 3 ya mwanzo. Baada ya hapo haikomi, ila hupungua mwendo.

Hatua ya pili: chagua kazi ambayo mikono yake iliwahi kuijua

Hapa usiharakishe, kwa kuwa hapa ndipo wengi hukosea. Mtu hununua mpira laini wa kubinya, mgonjwa anaubinya siku mbili, kisha unakuwa mwanasesere wa mtoto. Mpira hauna kosa, lakini haumwambii mgonjwa chochote kuhusu yeye mwenyewe. Kazi aliyoifanya tangu utotoni inafuata njia zilizochimbwa kwa maelfu ya marudio, na mara nyingi vidole huikumbuka kabla mdomo haujaweza kuitaja. Kwa mgonjwa aliyepoteza maneno baada ya kiharusi, huo ni mlango wa kumfikia.

Kwa hiyo uliza watu waliomjua zamani. Mwanamke aliyekulia Rufiji au Mafia huenda alisuka mikeka kabla ya kuhamia mjini. Mwingine alidarizi kofia, alifuma vitambaa vya makochi kwa kroshia, alisuka nywele barazani au alishona shanga. Mama mkubwa alikuwa hajagusa ukindu kwa zaidi ya miaka thelathini, na tulipomwekea mapajani chane nne zilizolowekwa maji, mkono wa kulia ulianza kuzipanga kabla hajasema lolote, na ule wa kushoto ukajaribu kuzikandamiza.

Wanaume wengi watakataa kwa kusema kuwa hizo ni kazi za wanawake, na si lazima ubishane nao. Mvuvi wa Kunduchi mpe wavu wa kuziba matundu, fundi aliyezoea Keko mpe msasa na kipande cha mninga, na mchongaji mpe kisu kidogo na mti laini, akiwa na mtu pembeni yake. Kwa mzee asiye na ufundi wowote, mpe bao. Bao la kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na katika kunamua, yaani hatua ya mwanzo ya mchezo, mchezaji huziingiza kete mojamoja: kuokota kete moja kwa kidole gumba na cha shahada, kuiachia panapostahili, kuchota na kusambaza huku ukihesabu mbele. Sijui zoezi la vidole na kumbukumbu ambalo mzee wa pwani angelikubali kwa furaha kuliko hilo.

Kazi za jikoni nazo ni kazi za mikono. Kuchambua mchele kwenye ungo, kuchambua mchicha, kumenya njegere na kukunja khanga vinatosha kabisa kwa wiki za mwanzo. Kukuna nazi kwenye mbuzi kusubiri mpaka mikono yote miwili iwe na nguvu na hisia, kwa sababu meno ya mbuzi hayamwonei huruma aliyekufa ganzi.

Hatua ya tatu: andaa mahali na vifaa

Mkalishe kwenye kiti chenye mgongo, nyayo zikiwa zimegusa sakafu, na mkono dhaifu ukiwa umelazwa juu ya meza au mto. Usiuache uning'inie, na usimnyanyue mgonjwa kwa kuuvuta mkono huo, kwa kuwa bega hutoka kirahisi. Vidole vilivyokakamaa vifunguliwe taratibu kwa kuanzia kwenye kifundo, bila kulazimisha.

Waliopatwa na kiharusi upande wa kulia wa ubongo mara nyingine huupuuza upande wote wa kushoto, hata wakaacha nusu ya ubwabwa sahanini wakiamini wamemaliza. Kwa mgonjwa wa namna hii weka kikapu cha uzi au chane upande wa kushoto, mwanzoni karibu na katikati, kisha kila siku kisogeze kidogo zaidi, ili alazimike kuugeuza uso kukitafuta. Ukae upande huohuo unapozungumza naye.

Vifaa visiwe vya gharama. Uzi mnene na sindano nene ya kroshia, vinavyopatikana Kariakoo, ni rahisi kushika kuliko vyembamba, na rangi zinazopingana humsaidia mwenye macho hafifu. Ukindu uchanwe mpana kuliko kawaida na ulowekwe ili usimkate. Kazi ya kutia rangi kwenye maji yanayochemka aifanye mtu mwingine. Shazia, ile sindano kubwa ya kuunganishia ukili, isitumiwe na mkono usio na hisia. Sisi tulijifunza hilo kwa damu kwenye jamvi.

Hatua ya nne: kipimo na saa

Anza na dakika 10, mara 3 kwa siku. Inaonekana ni kidogo, lakini uchovu wa baada ya kiharusi si uvivu, na mgonjwa wa sonona akishindwa kipimo kikubwa siku ya kwanza hatarudi siku ya pili. Asubuhi kabla ya joto kupanda ni bora, na kipindi cha tatu kiwe alasiri. Ongeza dakika 5 kila wiki, ukivumilia siku za kurudi nyuma, mpaka kipindi kimoja kifike dakika 40 au 45. Kiwango hicho kinatosha: katika utafiti uliochapishwa mwaka 2016 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel nchini Marekani, watu wazima 39 walifanya kazi za sanaa kwa dakika 45, na takribani asilimia 75 kati yao walionekana kuwa na kiwango kidogo cha homoni ya msongo, kotisoli, kuliko walivyoanza. Waliokuwa na ufundi na wasiokuwa nao hawakutofautiana. Asilimia 25 iliyobaki nayo ina habari yake: si kila mtu hutulizwa, na ukiona mgonjwa anatoka kwenye kazi akiwa na hasira kila siku, badilisha kazi.

Hesabu marudio kuliko dakika, ikiwezekana. Vitanzi 20, chane 30, kete zote 64. Ubongo hujifunza kwa kurudia kwa makini, na mkono unaokwenda wenyewe huku macho yakiwa kwenye tamthilia haufundishi kitu kipya. Zima televisheni, redio yenye sauti ndogo haina neno. Kisha mgonjwa alale vya kutosha usiku, kwa kuwa mengi yaliyofanywa na mikono mchana huimarishwa ubongoni wakati wa usingizi.

Hatua ya tano: ongeza ugumu kidogo kidogo

Kazi rahisi mno haijengi, na ngumu mno huvunja moyo. Kipimo nilichokizoea ni hiki: akipatia karibu kila mara, ongeza; akikosea zaidi ya nusu, punguza. Mkono dhaifu uanze kwa kushikilia tu huku mzima ukisuka, baadaye uvute chane, baadaye wenyewe upitishe juu na chini. Ukili mweupe uje kabla ya wenye rangi, na wa chane chache kabla ya mpana.

Usikatishe ghafla kwa sababu mambo yameanza kuwa mazuri. Mwaka 2004 watafiti wa Ujerumani waliwafundisha watu kurusha na kudaka mipira mitatu kwa miezi 3, wakaona kwa picha za ubongo kwamba sehemu zinazohusika na kuona mwendo zimeongezeka; watu hao walipoacha kufanya mazoezi kwa miezi 3 mingine, ongezeko hilo likapungua.

Hatua ya sita: mwekee wenzake, mwondolee wateja

Kazi ya mikono barazani huja na mazungumzo, na mazungumzo hayo ni nusu ya dawa. Huko Harare, mpango wa Benchi la Urafiki ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda huwatumia bibi waliopewa mafunzo kuwasikiliza wagonjwa wa sonona na wasiwasi kwenye benchi nje ya kliniki. Jaribio lake lililochapishwa mwaka 2016 lilihusisha watu 573 na likaonyesha nafuu kubwa. Waliomaliza huendelea katika vikundi ambamo hukutana na kufuma mikoba huku wakizungumza. Mtaani kwako huenda tayari wapo wanawake wanne wanaofuma jioni. Omba nafasi ya kiti kimoja, na uwaeleze mapema kwamba wasimfanyie kazi yake kwa huruma.

Jambo la wateja nalisema kwa ukali kidogo kwa sababu nimeliona. Dar es Salaam kila kitu hugeuka biashara kabla hakijakauka, na mgonjwa akimaliza kitambaa cha kwanza tu, mtu atapiga picha na kusema ana oda kumi za harusi. Oda huleta tarehe ya mwisho, tarehe huleta msongo, na kazi iliyokuwa pumziko inakuwa deni. Kataa kwa miezi 3 ya mwanzo. Akitaka mwenyewe kuuza baada ya hapo, auze alichokwisha kukimaliza, asiuze ahadi.

Hatua ya saba: weka kumbukumbu

Nunua daftari la shule la kurasa chache. Kila jioni andika mistari mitatu: alifanya nini na mara ngapi, alilalaje usiku uliopita, na neno moja la hali ya moyo alilolitaja mwenyewe, si unalomkisia wewe. Siku ya kliniki nenda nalo, kwa maana daktari mwenye foleni ndefu atakusikiliza zaidi ukimwonyesha "wiki iliyopita vitanzi 20, wiki hii 55" kuliko ukisema anaendelea vizuri. Mkono ukirudi nyuma ghafla, au mgonjwa akiacha kabisa kazi aliyoipenda kwa siku kadhaa mfululizo, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kazi ya kwanza, hata ikiwa imepinda namna gani, isifumuliwe na isirekebishwe na shangazi mwenye mkono mzuri. Ikate, uifungie karatasi yenye tarehe, uitundike ukutani penye mwanga, na kila baada ya mwezi tundika kipande kingine kando yake. Mama mkubwa ana vipande kumi na saba sasa. Cha tatu ndicho kilichopinda kuliko vyote, na ndicho anachompa kila mgeni akishike.